Chumvi Sifuri

Kiganjo, Thika
Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Zuhura mama,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, na umesema utarudi baada ya nusu saa, kwa hivyo najua nina saa mbili. Babako yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba, na kwa jinsi anavyolifunga, ukifika Kitale itabidi uazime msumeno. Mimi nimekalia kiti chako hapa mezani. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Isome leo kabla hujalala, usingoje kuisomea kwenye basi, kwa sababu kesho kabla ya basi tuna mahali pa kupitia na nataka ujue ni kwa nini.

Sitakuandikia habari za sweta. Shangazi zako wamekupa maagizo ya kukutosha mpaka uzeeni: uswali, ule, usiwaazime watu sufuria. Hayo yote ni kweli na sina la kuongeza, isipokuwa hilo la sufuria, ambalo anayelisema bado ana sufuria yangu.

Mimi nataka kukuandikia habari za kuku.

Najua, najua. Unaijua hadithi ya kuku. Umeisikia kila Idi wageni wakishashiba, na siku hizi nikisahau mahali wewe ndiye unayenikumbusha. Watu hucheka pale Mama Shiku anapoweka kuku juu ya meza yangu ya ofisi. Halafu mwishoni nasema, "Nikamwendea mdosi nikamwambia, kosa ni langu," na wewe huwa unawatazama wageni mmoja mmoja, kama vile umenizaa wewe. Nimekuona ukifanya hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara nimeinuka nikajidai naenda kuongeza chai. Hadithi ile ina shimo katikati, mwanangu, na aliyelichimba ni mimi.

Ngoja niisimulie upya, pole pole, kwa sababu wiki ijayo utakaa mbele ya kompyuta kwenye hicho kituo cha mbegu, uingize uzito wa mahindi ya watu, na kile kilichonipata mimi kinaweza kukupata wewe kabla hujamaliza mwezi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Nilikuwa karani pale kiwandani Ruiru, tunakotengeneza chakula cha mifugo, na Bwana Kamande, tajiri wetu, yule ninayemwita mdosi, alikuwa amenunua kompyuta iliyokwisha kutumiwa na watu wengine Nairobi. Ilikuja imefungwa kwa blanketi. Mimi ndiye niliyepelekwa kozi ya wiki mbili, na nikarudi nikiwa mtu mwingine kabisa. Niliishonea kitambaa chenye maua cha kuifunika. Mtu hakuruhusiwa kuleta chai karibu nayo. Babako atakuambia kwamba hata nyumbani nilianza kuongea kwa sauti ya ofisini, na safari hii hatakuwa anadanganya.

Kabla ya hapo, vipimo vya chakula vilikuwa kwenye daftari kuukuu lililoandikwa na karani aliyenitangulia. Chakula cha kuku wa mayai, gunia la kilo sabini: mahindi kilo 34.4, pumba 14.4, mashudu ya alizeti 9.4, unga wa omena 5.4, chokaa iliyochanganywa na dawa 6.15, chumvi 0.25. Ukijumlisha unapata sabini kamili. Jumlisha, najua unajumlisha.

Basi nikaviingiza vyote kwenye kompyuta, nikaiambia ijumlishe, ikatoa 70. Nilifurahi mpaka nikamwita mlinzi aje aone. Lakini zile desimali ziliniudhi. Moja ina tarakimu mbili, nyingine moja, mstari umepinda kama meno ya mtoto. Kwenye kozi tulikuwa tumefundishwa kitufe cha kuondoa desimali, namba zionekane nzima nzima. Nikakibonyeza. Mahindi 34. Pumba 14. Mashudu 9. Omena 5. Chokaa 6. Chumvi 0. Jumla 70. Mstari ukanyooka, safi. Nikachapa nakala mbili, moja nikaibandika ukutani kwenye stoo, nyingine nikampa Mzee Wafula.

Mzee Wafula unamjua kwa jina na kwa sauti ya kicheko chake, lakini hujamwona kazini. Yeye ndiye alikuwa mchanganyaji. Alikuwa na sepeto moja ambayo hakuna mwingine aliyeigusa, na alikuwa akichanganya magunia kumi kwa mpigo pale sakafuni, anageuza rundo kutoka ukuta huu hadi ukuta ule mara tatu. Alisoma ile karatasi akiwa ameishika mbali na macho. Akaja mlangoni pa ofisi. Ndani hakuingia, kwa sababu nilikuwa nimemkataza kuingia na vumbi.

"Mama Zuhura, hii chumvi mbona iko sufuri?"

Na mimi, mwanangu, badala ya kufungua daftari ambalo lilikuwa pale pale chini ya kiwiko changu, nikampa jibu. Sijui lilitoka wapi. Nikamwambia, "Omena si ina chumvi yake tayari, Mzee? Kompyuta imehesabu yote."

Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Sawa. Kama ni hiyo mashini imesema."

Omena ina chumvi yake! Hapo ndipo wageni huanguka kwa kicheko, na wana haki. Lakini nataka uone kitu ambacho kwenye Idi hatukitazami. Mtu aliyegeuza chakula kwa sepeto miaka ishirini aliniuliza swali sahihi, na mimi niliyekuwa na kozi ya wiki mbili nikamnyamazisha kwa uongo ambao nilikuwa nimeutunga saa ile ile, na nilivyousema kwa uhakika, nikauamini mwenyewe.

Siku ya pili akarudi. "Mama Zuhura, gunia ya kumi haijai. Nimepima mara mbili."

"Tikisa magunia, Mzee. Labda unajaza kupita kiasi yale ya kwanza."

"Natumia mizani."

"Basi mizani ipelekwe fundi. Hapa jumla ni sabini. Kuja uone."

Hakuja kuona kwa sababu ya vumbi. Lakini yeye alikuwa amejumlisha zile namba kwa kidole pale ukutani, moja moja, na alikuwa amepata sitini na nane. Alikuwa sawa! Kompyuta haikuwa imetupa desimali, ilikuwa imezificha tu, na jumla ilikuwa inajumlisha zile zilizofichwa. Sabini ilikuwa ya kweli kwa kompyuta. Kwa mtu aliyeshika sepeto, aliyeamini karatasi, ilikuwa sitini na nane bila chumvi. Ukizidisha kwa kumi, gunia la kumi limepungua kilo ishirini. Mtoto wa darasa la tano angegundua, kama angeulizwa.

Baada ya wiki mbili hivi, Jumatatu, akaja Mama Shiku jirani yetu, na kikapu. Hapo unapajua. Alipita mlangoni bila kubisha, akasukuma kile kitambaa changu chenye maua, akaweka kuku mezani. Kuku hakuwa na manyoya kuanzia kiunoni kurudi nyuma.

"Ngai! Hebu niambie, Mama Zuhura, hii ni kuku ama ni popo?"

"Ana ugonjwa?"

"Ugonjwa gani! Wanakulana! Wananyonyoana mchana kutwa, wakiona damu wanafanya sherehe. Na mayai hakuna. Hii chakula yenu imewekwa nini?"

Kuku yule akatembea juu ya kibodi, akaandika herufi nyingi. Bwana Kamande alitoka ofisini kwake, na nyuma ya Mama Shiku tayari wateja wengine wawili walikuwa wamesimama na malalamiko hayo hayo. Mmoja, mzee mfugaji wa siku nyingi, akasema kwa upole tu, "Kuku wakikosa chumvi huwa hivi."

Sasa tumefika kwenye shimo.

Kwenye Idi huwa nasema, "Nikafungua kompyuta, nikaona kosa, nikaenda kwa mdosi." Nasema kwa pumzi moja, kama vitu vitatu vilivyofuatana. Ukweli ni huu. Jumatatu ile ile saa kumi na moja, watu walipokwisha kutoka, nilifungua kompyuta nikapeleka mshale juu ya ile sifuri ya chumvi. Pale juu ya kioo ikaandika 0.25. Ilikuwa pale siku zote. Nikakaa nikiitazama. Halafu nikarudisha desimali zote, nikachapa karatasi mpya, nikaenda stoo, nikabandua ile ya zamani, nikabandika mpya mahali pake. Ya zamani nikaikunja nikaitia mkobani, nikaja kuwashia jiko hapa nyumbani. Wewe ulikuwa umeketi karibu na jiko hilo ukinisomea insha yako. Nilikuambia ni nzuri, na sikuwa nimesikia hata neno moja.

Jumanne asubuhi Bwana Kamande alimwita Mzee Wafula stoo, mbele yetu. "Chumvi ulikuwa unaweka?"

"Hapana. Nilifuata karatasi."

Bwana Kamande akageuka, akasoma ukutani. "Hapa si imeandikwa sufuri nukta mbili tano? Ama huoni?"

Mzee Wafula akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Bwana Kamande akamwambia aende nyumbani, arudi Jumamosi aambiwe kama bado ana kazi. Akaenda akaegemeza sepeto yake kwenye kona, akaosha mikono, akatoka. Alikuwa na watoto wanne, na kodi ya nyumba kule mtaa wa Landless, na umri ambao hakuna kiwanda kingemwajiri tena.

Jumanne hiyo sikusema. Jumatano sikusema. Nilijiambia nangoja Bwana Kamande apoe. Nilijiambia nikifukuzwa mimi utaacha shule, na hilo lilikuwa kweli, na niliutumia ukweli huo vibaya sana. Alhamisi nilitoka kazini nikapitia Landless kununua mboga, nikakutana na Mama Nafula, mke wa Mzee Wafula. Alikuwa anacheka kabla hajanifikia.

"Mama Zuhura! Nyinyi watu wa ofisi, asanteni. Mzee amepewa likizo, mara ya kwanza tangu anioe. Amerekebisha kitanda, amerekebisha paa ya jikoni, sasa anataka kunifundisha kupika."

Mumewe alikuwa amemficha. Alikuwa anaamka asubuhi na kugonga misumari ili mkewe asijue. Nikamjibu sijui nini, nikaacha mboga niliyokuwa nimekwisha kulipia pale pale kwenye kibanda.

Ijumaa asubuhi nikamwendea Bwana Kamande, na kuanzia hapo hadithi ya Idi ni ya kweli. Alifoka mpaka mashine zikazimwa watu wasikilize vizuri. Nilipofika kwenye omena kuwa na chumvi yake alinyamaza, akageukia dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Akamtumia Mzee Wafula habari arudi siku hiyo hiyo. Mimi akaniamuru nipime chumvi kwenye vifurushi vya karatasi, niende kwa kila mteja, kwa miguu yangu, nimwambie kwa mdomo wangu ni nani aliyekosea. Nilitembea siku nne. Mama Shiku aliniacha nimalize maneno yote, kisha akanipa yule kuku popo niende naye. Ndiye yule tuliyemfuga hapa uani, uliyemshonea koti.

Lakini hata kwa Bwana Kamande sikusema habari za kubadilisha karatasi. Nilisema tu karatasi ya kwanza ilikuwa na kosa. Hakuuliza ilienda wapi.

Utacheka ukijua nilichofanya baada ya hapo. Niliogopa kukata namba mpaka nikaziacha zote na mikia yao. Mwezi uliofuata tulibadilisha vipimo, nikagawanya mahali fulani kwa tatu, nikampa Mzee Wafula karatasi iliyosema pumba 13.3333333. Akaja mlangoni akaingia moja kwa moja, na vumbi lake lote, maana sasa hapakuwa na wa kumkataza, akaketi.

"Mama Zuhura, hizi tatu zote nipime na nini? Mizani yangu mwisho ni robo kilo."

Tukakaa chini sisi wawili. Tulikubaliana kwamba ndani ya kompyuta namba ibaki ndefu mpaka hesabu iishe, na ikatwe mara moja tu, mwishoni, kwa kadiri mizani yake inavyoweza kuona. Halafu kabla karatasi haijabandikwa, yeye anajumlisha kwa kidole yale yanayoonekana, na isipofika jumla tunarudi mezani. Kwenye kozi hawakunifundisha hivyo. Fanya hivyo huko uendako, Zuhura. Na huko pia kuna mtu anayeshika mizani shambani. Mtafute siku ya kwanza, umjue jina, mwache aingie na matope yake.

Mwaka jana Mzee Wafula alistaafu. Siku ya chai yake ya kuagwa nilimvuta kando nyuma ya stoo, nikamwambia juu ya karatasi. Alicheka kile kicheko chake.

"Nilijua siku ile ile. Ile ya kwanza ilikuwa na alama ya kidole yangu, ya omena. Hiyo ya ukutani ilikuwa nyeupe kama kanzu."

"Na mbona hukusema?"

"Ile nakala yako ya pili ya kwanza kabisa, ulinipa mkononi, umesahau? Ilikuwa mfukoni. Nilikuwa naweza kuitoa Jumanne. Nikasema, nikiitoa sasa, huyu mama amekwisha. Wacha nimpe mpaka Jumamosi akuje mwenyewe." Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini Jumamosi ningeitoa. Usifikirie mimi ni malaika."

Nililia pale nyuma ya stoo, mwanangu, na sioni haya kukuambia. Kwa siku tatu nilidhani nimeshika kazi yake mkononi mwangu, kumbe yeye ndiye aliyeshika yangu, na alikuwa mpole nayo kuliko mimi nilivyokuwa na yake.

Sasa umejua. Ni siku tatu, na kila Idi nimekuwa nikiziandika sifuri ili hadithi inyooke. Sikuandikii haya ili unionee huruma, wala ili uache kunijivunia, ingawa ukiacha kwa wiki moja mbili nitaelewa. Nakuandikia kwa sababu utakosea. Una mkono mwepesi na unapenda vitu vipangike, umenirithi. Siku utakayoona 0.25 yako pale juu ya kioo, utasikia sauti ikikuambia ungoje kesho watu wapoe. Mimi naijua sauti hiyo, inaongea vizuri sana, na kwangu kila mara ilitumia kisingizio cha mtoto wangu. Usiitikie. Nenda jioni hiyo hiyo, hata kama miguu haitaki. Wakikufukuza, rudi. Kitanda chako hatutampangisha mtu, na babako nimekwisha kumwambia.

Limebaki jambo moja, na ndilo la kesho. Mama Nafula hajui. Alikuja kusikia baadaye kwamba ile haikuwa likizo, na aliambiwa kwamba mumewe alikuwa karibu kufutwa kazi na Mama Zuhura akamwokoa. Akamwokoa! Tangu hapo hajapita mwezi bila kuniletea fungu la kunde au mrenda, na hataki hata shilingi. Umeyala, mimi nimeyala, nimemshukuru kwa mikono miwili miaka minne. Kesho saa moja asubuhi tutapitia Landless, wewe na mimi, na nitamwambia yote ukiwa umesimama hapo, kwa sababu nyinyi wawili ndio niliowadanganya kwa hadithi moja.

Nilimwomba Mzee Wafula ruhusa juzi. Alifikiri kidogo, akasema, "Kuja tu. Lakini kunywa chai kwanza. Ukishamwambia, sijui kama utapewa."

Kwa hivyo kesho ukiniona nakunywa chai ya watu haraka haraka huku inaniunguza, usicheke. Nishike mkono.

Mamako